Kilimanjaro, Meru au Usukuma: Uchague Kisa Kipi cha Wakulima Waliomdai Mwingereza Haki Yao?

Kila mwaka wanafunzi wa kidato cha tano hunijia na swali moja: "Mwalimu, nichukue kisa kipi?" Mada yenyewe ni namna wakulima walivyojipanga kudai haki zao wakati wa ukoloni, na Tanganyika peke yake ina visa vya kutosha kumchanganya mtu. Zamani sikuwa nafikiri mara mbili. Nilikuwa nasema chukua Meru: kuna machozi, kuna kesi, kuna safari ya New York. Siku hizi sijibu hivyo, na sababu utaiona.

Visa vinavyoshindana kweli ni vitatu. Kuna wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, walioanzisha chama chao mwaka 1925. Kuna Wameru wa Engare Nanyuki, waliohamishwa kwa nguvu mwaka 1951. Na kuna wakulima wa pamba wa Usukuma na majirani zao wa kandokando ya Ziwa Victoria, ambao katika miaka ya 1950 walimtoa mnunuzi binafsi sokoni hatua kwa hatua.

Majimaji naiweka kando. Ni kweli ilianzia kwenye pamba, kule Nandete, watu walipoing'oa mwaka 1905. Lakini ukiifuata utajikuta unaandika habari za vita, dawa na njaa, wakati wewe umeulizwa habari za chama, michango na vikao.

Mgomvi wao alikuwa nani?

Hapa ndipo visa vinapoachana, na ndiyo maana naanza nalo hata kabla ya kuuliza mwanafunzi anatoka mkoa gani.

Kilimanjaro mgomvi alikuwa setla jirani. Wamisionari wa Kilema walikuwa wameshaleta kahawa, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza mkuu wa wilaya ya Moshi, Charles Dundas, aliwahimiza Wachaga waipande kwenye vihamba vyao, yaani mashamba ya nyumbani, katikati ya migomba. Masetla hawakupenda. Walidai kwamba shamba la Mwafrika litazalisha wadudu na magonjwa ya kuambukiza mashamba yao, na kwamba kahawa itaibwa. Sababu nyingine haikusemwa kwa sauti kubwa sana: mtu mwenye kahawa yake haendi kuwa kibarua kwa mwingine. Wachaga walijua hatari hiyo si ya kufikirika. Ng'ambo ya mpaka, Kenya, Waafrika walikuwa wamezuiwa kulima kahawa. Kwa hiyo Chama cha Wakulima Wenyeji wa Kilimanjaro, kinachojulikana kwa herufi zake KNPA, kikiongozwa na Joseph Merinyo, hakikuanza kwa kudai bei. Kilianza kwa kulinda ruhusa ya kupanda. Setla alisema magonjwa, chama kikajibu kwa bomba la dawa: kikasimamia upuliziaji, usafi wa mashamba na uuzaji wa pamoja, ili hoja ya jirani ikose pa kusimama.

Meru mgomvi alikuwa serikali yenyewe, na silaha yake ilikuwa ripoti. Jaji Mark Wilson aliwekwa kuchunguza ardhi ya Arusha na Moshi, na ripoti yake ya mwaka 1947 ikapendekeza mambo ambayo matokeo yake yalikuwa kwamba Wameru wa Engare Nanyuki waondoke, eneo lao liwe la Wazungu wafugaji, na wao wapelekwe King'ori. Walikataa kuhama na walikataa fidia. Novemba 1951 polisi waliingia. Nyumba zilichomwa, mifugo ikaswagwa, na watu karibu 3,000 wakatolewa.

Usukuma mgomvi alikuwa mtu aliyesimama nyuma ya mizani.

Sogea karibu na mizani

Nitakaa hapa kidogo, maana hapa ndipo wanafunzi wangu wengi huelewa maana ya kujipanga.

Siku moja nililetea darasa mizani ya kuning'iniza, ile yenye uso wa duara kama saa, na kiroba cha mchanga. Nikamwita kijana mmoja awe mkulima, nikamsimamisha mbele ya kiroba mahali asipouona vizuri mshale. Nikapima mara ya kwanza kwa haki. Mara ya pili nikaegemeza goti langu kwenye kitako cha kiroba, taratibu, huku nikiongea na wengine. Mshale ukashuka kilo mbili. Hakuna aliyeona goti. Nikawaambia wapige hesabu: kilo mbili kila mfuko, mifuko ya msimu mzima, wakulima wa soko zima. Wakapiga, wakanyamaza.

Hivyo ndivyo malalamiko ya wakulima wa pamba yalivyokuwa. Mkulima amebeba pamba yake kwa miguu tangu alfajiri. Amefika kwenye banda la mnunuzi, mara nyingi Mhindi mwenye kiwanda cha kuchambulia au wakala wake. Uzito anausoma mwingine, bei inahesabiwa na mwingine. Na kuna daraja: safi au fifi. Pamba ileile ikiitwa fifi imeshapoteza thamani, na anayeita ndiye anayenunua. Ukikataa utairudisha nyumbani mgongoni?

Wangeweza kuchoma mabanda. Kilichofanyika ni kitu kidogo kwa sura na kikubwa kwa matokeo: mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walianza kuweka wapimaji wao wenyewe kwenye masoko, wakiwalipa kutoka mifukoni mwao, ili kila mfuko upimwe na mtu wa upande wa mkulima. Ndicho kitendo ninachokipenda kuliko vyote katika visa hivi vitatu. Hakikuhitaji hotuba. Kilihitaji mtu mmoja anayejua kusoma namba na wenzake wa kumlipa.

Baada ya hapo hatua zilifuatana kama ngazi. Paul Bomani, aliyekuwa ameanza na ushirika wa wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza, aliongoza kuundwa kwa umoja wa wakulima wa Jimbo la Ziwa. Vyama vya msingi vikaandikishwa, vikaanza kununua pamba vyenyewe. Mwaka 1955 vyama vikuu viliungana katika shirikisho la Victoria, VFCU. Mwaka uliofuata shirikisho likawa na kiwanda chake cha kuchambulia pamba, Kasamwa, Geita. Kufikia 1959 pamba ya Jimbo la Ziwa ilikuwa inapita mikononi mwa ushirika. Tazama mantiki yake: ukishika mizani unagundua kwamba faida iko kiwandani, ukishika kiwanda unagundua kwamba bei ya mwisho inapangwa na bodi ya serikali. Kila mlango waliofungua uliwaonyesha mwingine nyuma yake.

Silaha na gharama zake

Wameru hawakuwa na mizani ya kusimamia. Ardhi ilishachukuliwa. Walichokuwa nacho ni jambo la kisheria ambalo Wakikuyu wa Kenya hawakuwa nalo: Tanganyika haikuwa koloni kamili bali nchi iliyo chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na mtu wa nchi ya udhamini alikuwa na haki ya kupeleka malalamiko New York. Mwanafunzi asiyelieleza hili hataeleweka, maana msomaji atajiuliza kwa nini wakulima wa mlimani waliruka Dar es Salaam na London wakaenda Marekani.

Walichanga. Wakamtuma Kirilo Japhet, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Mwaka 1952 Kirilo alisimama mbele ya Baraza la Udhamini, mkulima kutoka mlima Meru akiishitaki serikali ya Uingereza huku wakubwa wake wamekaa wanamsikiliza. Kesi ikapanda hadi Baraza Kuu. Huko wengi walikuwa upande wa Wameru, lakini theluthi mbili zilizohitajika hazikupatikana, na azimio likaanguka. Familia hazikurudi Engare Nanyuki kwa kura ile.

Basi walishindwa? Inategemea unapima nini. Kirilo aliporudi alizunguka nchi akisimulia aliyoyaona, na kwa watu wengi ilikuwa mara ya kwanza kusikia kwamba Mwingereza naye ana mahali anapoulizwa. Mwaka 1954 alikuwa miongoni mwa wale 17 walioanzisha TANU. Ukisoma orodha ile utamkuta pia Saadani Abdu Kandoro, mtu wa harakati za Mwanza. Kwa hiyo kisa cha pili na cha tatu vinakutana chumba kimoja.

Ila ulinganisho wa fedha unasema kitu kingine. Michango ya Meru ilikuwa ya kesi: watu walitoa kwa sababu ya jambo moja lenye mwanzo na mwisho. Kilimanjaro na Usukuma fedha zilikatwa kwenye mazao, senti kidogo kwenye kila ratili, msimu baada ya msimu. Chama cha kesi kina moto mkali, lakini hukumu ikishatoka kinabaki na nini cha kufanya? Chama kinachokula kwenye ratili kina karani, kina ghala, kina sababu ya kukutana mwaka ujao hata kama hakuna aliyekasirika. Mwanafunzi akiniuliza kwa nini nimeacha kusukumia kila mtu Meru, hili ndilo jibu langu. Kisa kile kinafundisha ujasiri vizuri sana, lakini kuhusu kazi ya kila siku ya kuwaweka wakulima pamoja kinafundisha kidogo tu.

Kilimanjaro: rafiki aliyegeuka bwana

Sasa turudi mlimani, kwa sababu kisa cha kahawa kina nusu ya pili ambayo wengi huiruka. Kwenye insha nyingi utasoma kwamba KNPA ilianzishwa 1925, ikageuka KNCU, yaani chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, ikastawi. Nukta.

Haikwenda hivyo. KNPA ilikuwa sauti iliyosimama nje ya wamangi, yaani machifu wa Kichaga, na Mwingereza wakati huo alikuwa anajenga utawala wake kupitia wamangi. Chama cha kahawa kilipoanza kusikika kwenye mambo ya ardhi na utawala, wamangi hawakufurahi na serikali nayo ikaingiwa na wasiwasi. Merinyo akatuhumiwa mambo ya fedha, akaondolewa uongozini. Mwaka 1932 ikatungwa sheria ya vyama vya ushirika, na KNCU ikaanza rasmi mwaka 1933, ikiwa na meneja Mzungu, A. L. B. Bennett. Kisha likaja agizo: Mchaga mwenye kahawa lazima aiuze kupitia KNCU. Marufuku kumuuzia mwingine.

Wakati huohuo bei ya kahawa duniani ilikuwa imeporomoka. Mkulima akaona pengo kati ya alichotarajia na alichopewa, na safari hii hapakuwa na setla wa kulaumiwa. Kulikuwa na chama chake. Mwaka 1937 watu waliamka, wakavamia maghala na majengo ya vyama vya msingi vya KNCU. Serikali iliwakamata viongozi wa upinzani na kuwafukuza wilayani.

Fikiria: miaka 12 tu baada ya chama kuzaliwa kulinda haki ya mkulima, mkulima anabomoa ghala la chama. Hapa kuna insha nzima, tena nzuri kuliko zote. Je, ushirika wa lazima bado ni ushirika? Nani aliyeshika kalamu, mwanachama au meneja? Lakini namwonya mwanafunzi: kisa hiki hakina shujaa wa kukupeleka mpaka mwisho. Mtetezi wa aya ya kwanza ndiye mshitakiwa wa aya ya tatu. Mtu anayetaka hadithi ya mema dhidi ya mabaya itamshinda.

(Usukuma nayo haikukosa doa, usije ukadhani naipamba. Baada ya uhuru malalamiko dhidi ya vyama vya ushirika yalikuwa mengi kiasi kwamba mwaka 1966 rais aliunda kamati maalumu ya kuyachunguza, na mwaka 1976 vyama vikuu vyote vilivunjwa. Lakini hiyo iko nje ya ukoloni.)

Usigeuze wakulima kuwa dibaji ya TANU

Kosa hili nalisahihisha kila mwaka. Mwanafunzi anaanza na wakulima, aya mbili baadaye amefika 7 Julai 1954, na wakulima wametoweka. Usukuma ndiko kishawishi hiki kina nguvu, kwa sababu Mwingereza alipiga marufuku TANU katika Jimbo la Ziwa kuanzia 1954 hadi 1958, na katika miaka hiyo mikutano ya pamba ilikuwa mahali pa watu kukutana na kuongea. Uhusiano upo, uandike. Lakini mkulima aliyelipa mpimaji hakuwa anafanya mazoezi ya uhuru. Alikuwa anataka ratili zake.

Tena huko Usukuma mizani haikuwa kero pekee. Kulikuwa na mpango mkubwa wa maendeleo wa serikali ulioanza mwaka 1947, uliokuja na amri za kulima kwa matuta na kupunguza mifugo, na faini kwa asiyetii. Ushirika haukuwa na jibu la moja kwa moja kwa amri hizo, na mwaka 1958 maelfu ya watu wa Geita waliandamana hadi Mwanza kwa mambo ya utawala. Ukitaka kisa cha amri za kilimo tupu, bila ushirika, nenda Uluguru: mradi wa matuta ya ngazi milimani, ghasia za Matombo mwaka 1955, mtu mmoja kuuawa kwa risasi, na mradi kuachwa. Ni kifupi, kinatosha kazi ndogo, lakini upande wa kujipanga hauna mengi ya kuandika.

Na wanawake wako wapi? Swali zuri, na visa vyangu vyote vitatu vinalijibu vibaya. Mwanamke aliichuma kahawa na kuibeba pamba. Kwenye orodha za wanachama majina ni ya wanaume. Mtu anayetaka wanawake mbele namwelekeza Upare, kwenye mgogoro wa kodi ya mbiru wa miaka ya 1940, au Murang'a nchini Kenya, ambako wanawake walikataa kazi za lazima za matuta. Vyote viwili ni vya kodi na kazi za lazima, havihusu soko wala shamba, kwa hiyo swali lako la utafiti itabidi ulipindishe kidogo.

Sasa wewe uchukue kipi?

Tazama kwanza utapata wapi maneno. Kwa Meru, karatasi nyingi ni za Umoja wa Mataifa na ziko kwa Kiingereza, na Kirilo na Seaton waliacha maelezo yao kwa maandishi. Jambo dogo linalopotezea watu siku nzima: mtu huyuhuyu anaandikwa Kirilo Japhet mahali pengine na Japhet Kirilo mahali pengine, na Engare Nanyuki leo ni kata ya Ngarenanyuki. Tafuta yote. Kwa Kilimanjaro una bahati ya mahali: KNCU bado ipo, jengo lake liko Moshi mjini, na chuo kikuu cha ushirika kiko hapohapo. Kwa Usukuma karatasi zimetawanyika, lakini wazee waliouza pamba ya miaka ya mwisho ya ukoloni, au watoto wao walioshika ncha ya mfuko, bado unaweza kuwapata.

Mtu wa sheria, wa hoja, anayependa kusimama mbele ya hadhira na kusoma: Meru, bila kusita. Kwa onyesho la jukwaani pia ni Meru, maana kisa kina sura zake tayari, tangu moto hadi ukumbi wa New York. Mwanafunzi mwenye jicho kali, asiyeogopa kumaliza na swali badala ya jibu, nampa Kilimanjaro, na namwambia aanzie 1937 kisha arudi nyuma, si kinyume chake. Kikundi cha wakulima wa leo kinachotaka kujifunza kitu cha kukitumia, au mwanafunzi asiye na upendeleo wowote, nampa Usukuma. Kina hatua unazoweza kuzihesabu, kila hatua ina sababu, na huhitaji kuwa na Seaton wako ndipo uanze.

Mwaka juzi binti mmoja alichukua ushauri huo akaenda likizo kwao Sengerema. Alirudi na risiti ya chama cha msingi aliyoikuta kwenye sanduku la bibi yake, imekunjwa mara nne: ratili, daraja, bei, sahihi ya karani. Karani huyo alikuwa wa chama chao wenyewe. Nyuma ya risiti, kwa penseli, mtu alikuwa amepiga hesabu yote upya.